Watoto hawakuwa wamelala: ukatili wa nyumbani unavyomfuata msichana hadi utu uzima

Ukikaa nyumba ya kupanga Dar es Salaam, ile ya vyumba sita vinavyotazamana kwenye korido moja, utagundua jambo ambalo dalali hakukuambia: kuta hazifiki juu. Zinaishia chini ya bati, dari hakuna, na sauti hupita juu kama moshi wa jiko. Mpangaji wa chumba cha mwisho anajua wa chumba cha kwanza wamekula nini na wamegombania nini. Asubuhi, baada ya usiku wa vishindo na kilio kilichozibwa kwa mto, majirani wakimpa pole mama mwenye jicho lililovimba, yeye hujifariji kwa sentensi moja: "Afadhali watoto walikuwa wamelala."

Hawakuwa wamelala. Mtoto wa miaka saba aliye nyuma ya pazia anajua kuigiza usingizi. Hupumua taratibu, hufumba macho bila kuyakaza, humbana mdogo wake asilie. Hata waliolala kwelikweli hawako mbali kama tunavyodhani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walitoa matokeo ya kipimo walichowafanyia watoto wachanga wa miezi 6 hadi 12, wakiwa usingizini ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Walisikilizishwa sauti ya mtu mzima ikitamka maneno yasiyo na maana, mara kwa upole, mara kwa hasira. Kwa watoto waliotoka kwenye nyumba zenye ugomvi mwingi, sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na msongo ziliitikia kwa nguvu zaidi sauti ya hasira kali.

Naanzia hapo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu jambo hili huanzia mwisho. Kila inapotoka habari ya mwanamke aliyepigwa au kuuawa na mwenza wake, swali la kwanza ni "kwa nini hakuondoka?" Wakenya walipojaa barabarani tarehe 27 Januari 2024 kupinga mauaji ya wanawake, swali hilo lilikuwa linaelea mitandaoni. Siku hizi limepata majibu mawili yanayogongana. Wapo wanaosema kila kitu ni majeraha ya utotoni: hataki kuolewa, majeraha, anamfokea mume, majeraha, amechelewa kazini, majeraha. Wengine hucheka: "Sisi tulikulia humohumo, mama alikuwa anakula makofi kila mwisho wa mwezi, mbona tuko wazima?" Kila upande umeshika kipande cha ukweli na kukifanya ukweli wote.

Tuweke maneno sawa kwanza

Ugomvi na ukatili ni vitu viwili. Mume na mke wakibishana kuhusu ada ya shule, sauti zikapanda, mmoja akabamiza mlango, kisha kesho yake wakayamaliza, huo ni ugomvi. Mtoto anayeona wazazi wake wakigombana halafu wakapatana hupata hata faida, kwani anajifunza kwamba watu wanaopendana wanaweza kukasirikiana na dunia isianguke. Ukatili unaanza pale mmoja anapotawala kwa kuogopwa. Mimi hutumia kipimo hiki: ndani ya nyumba ile, nani anapima maneno kabla ya kuyatoa? Kama ni mtu yuleyule siku zote, na watoto nao wameshajifunza kupima pamoja naye, basi ukatili upo, hata kama mwaka mzima hakuna kofi lililopigwa. Kupiga kumo, lakini kumo pia kutukana, kutishia, kumnyima mtu fedha za matumizi ili apige magoti, kumfungia nje usiku, kumlazimisha tendo la ndoa.

Kushuhudia nako si kuona kwa macho tu. Ni kusikia kupitia kwa ukuta. Ni kuamka asubuhi ukakuta sufuria limebonyea na mama amevuta mtandio hadi kwenye nyusi. Ni kutumwa ukachungulie kama baba amerudi na hali gani. Ni kufundishwa uongo wa kumpelekea mwalimu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2021 kuhusu ukatili wa nyumbani inasema wazi kuwa mtoto anayeona, anayesikia au anayeguswa na athari za ukatili huo naye ni mwathirika, si shahidi tu. Kwetu, mama akijeruhiwa atapita polisi kuchukua fomu ya PF3 ili daktari aandike michubuko na mivunjiko. Mtoto aliyekuwa nyuma ya pazia hana PF3.

Neno la mwisho ni kiwewe. Wengi hulitumia kwa maana ya hofu ya ghafla, ya mtu aliyekoswakoswa na gari. Hapa nazungumzia kiwewe kinachobaki: hatari imekwisha, lakini mwili haujapata taarifa.

Ni nyumba ngapi? Shirika la Afya Duniani lilipochapisha mwaka 2005 utafiti wake wa nchi 10, Tanzania iliwakilishwa na Dar es Salaam na Mbeya. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza, asilimia 41 Dar na asilimia 56 Mbeya walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa kingono na mwenza. Takwimu za kitaifa za karibuni zina nafuu kidogo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 Tanzania Bara na Visiwani wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofika miaka 15, na Kenya mwaka huohuo ilikuwa asilimia 34. Sasa kila mwanamke katika hesabu hiyo mweke ndani ya nyumba, umwekee watoto wawili au watatu, halafu kumbuka kuta zile zisizofika kwenye bati.

Askari wa geti

Ndani ya ubongo, chini kidogo, kuna sehemu ndogo yenye umbo la punje ya lozi. Wataalamu huiita amigdala. Ifikirie kama askari wa geti. Kazi yake ni moja: kutazama nani anakuja na kupiga filimbi kukiwa na hatari. Haifikiri sana, na haikusudiwi kufikiri. Anayefikiri ni mwenye nyumba, ile sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo husikia filimbi, huchungulia dirishani na kusema: "Mwache apite, ni muuza maziwa."

Askari ambaye geti lake halijawahi kuvamiwa husinzia kidogo, husalimia wapita njia. Yule aliyevamiwa mara tatu kwa mwezi ni mtu mwingine kabisa. Anamulika tochi kila kivuli, anapiga filimbi paka akiruka ukuta. Usimwite kichaa. Amejifunza kazi yake mahali pabaya, na pale alipojifunzia, uangalifu ule ulimwokoa.

Mwaka 2011 watafiti wa London, wakiongozwa na Eamon McCrory, waliwaonyesha watoto picha za nyuso zenye hasira huku wakipima ubongo wao. Watoto waliokulia kwenye ukatili wa kifamilia walikuwa na amigdala iliyoitikia kwa nguvu kuliko wenzao, kwa namna inayofanana na ile iliyokwisha kuonekana kwa wanajeshi waliotoka vitani. Na watoto wenyewe hawakuwa wagonjwa. Ukiwakuta darasani usingewatofautisha na wengine.

Filimbi ikilia, mwili humwaga homoni za kukimbia au kupambana. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linaacha kusaga chakula kwa sababu hiyo kazi inaweza kusubiri. Kwa dakika kumi ni msaada mkubwa. Kwa miaka kumi ni kama bodaboda iliyoachwa ikiunguruma usiku kucha nje ya nyumba. Haijaenda popote, lakini mafuta yamekwisha na injini imechoka.

Uchovu huo una ushahidi. Daktari Vincent Felitti wa San Diego aliongoza kliniki ya watu wenye unene uliopitiliza, akashangaa kuona baadhi ya waliofanikiwa kupungua ndio walioacha tiba. Alipowauliza maisha yao, nyingi zikawa habari za utotoni ambazo hawakuwa wamemwambia daktari yeyote. Baadaye yeye na Robert Anda waliwauliza maelfu ya watu wazima kuhusu mabaya waliyopitia kabla ya miaka 18, na moja kati ya maswali lilikuwa kama mama yao alikuwa akipigwa. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1998. Waliopitia aina nne au zaidi za mabaya hayo walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, na uhusiano ulionekana pia na magonjwa kama ya moyo. Ni Wamarekani wenye bima ya afya, si wakazi wa Mbagala, kwa hiyo tarakimu zenyewe tusizibebe kama zilivyo. Lakini mwelekeo ule umeonekana tena na tena kwingineko.

Huku kwetu mwili huo unaochoka una lugha yake. Mwanamke haendi zahanati kusema ana kiwewe. Anasema ana mawazo, moyo unamwenda mbio usiku, kichwa hakitulii, tumbo linamwaka. Anapimwa malaria, anapimwa taifodi, anapewa dawa za vidonda vya tumbo. Akiulizwa kama kuna kinachomsumbua nyumbani, anasema, "Ya kawaida tu." Hadanganyi. Kwake ni ya kawaida.

Hapa napenda kuweka breki. Si kila kichwa kinachouma kina historia nyuma yake, na anayekuuzia semina ya kuponya majeraha ya utotoni kwa wiki tatu anakuuzia semina. Dalili hizi zina sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba hii ni mojawapo, na ndiyo isiyoulizwa.

Kovu linaloonekana kama adabu

Hili ndilo lililonifanya niandike. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba, kwa wastani, wavulana waliokulia kwenye ukatili hutoa madhara yao nje: wanapigana, wanavunja vitu, wanaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Wasichana huelekea kuyameza. Si sheria, wapo wasichana wanaopigana na wavulana wanaonyamaza, lakini mwelekeo ndio huo. Na sisi tunalea wasichana kwa namna ambayo maumivu yaliyomezwa hupewa zawadi.

Mwangalie binti huyo. Anachota maji kabla hajatumwa. Haombi kitu. Akiona uso wa mkubwa umebadilika, anakusanya wadogo zake na kuwapeleka uani. Anajua kisu kilipo na anajua saa ya kukificha. Mama akishapigwa, yeye ndiye wa kuchemsha maji ya kumkanda, na ndiye anayesikiliza mambo ambayo mtoto wa miaka kumi hapaswi kuyasikia. Majirani humsifia: "Huyu mtoto ana adabu, hana makuu, amekomaa." Amekomaa kweli, kama embe lililoivishwa kwa moshi.

Binti huyo akiwa na miaka 30 bado ana tabia zilezile, ila sasa zina majina ya watu wazima. Kazini ndiye asiyekataa kazi ya ziada, na kila kikao anaomba msamaha kwa jambo ambalo si kosa lake. Nyumbani, gari likiingia getini anainuka kwenye kochi na kushika ufagio, ingawa mume aliyemwoa hajawahi kumuuliza kwa nini amekaa. Anasikia tofauti ya funguo zikiwekwa mezani na funguo zikitupwa mezani. Ana fedha kidogo amezishona kwenye mto, na akiulizwa za nini hajui, anasema za dharura. Mume akisema kwa sauti ya kawaida "tuna jambo la kuzungumza," viganja vinalowa jasho.

Ndugu humwita mke mvumilivu. Na hapo ndipo jamii inapomwongezea mzigo kwa nia njema. Ukihudhuria kitchen party utasikia wosia ule wa kale: mume akifoka, jaza maji mdomoni usije ukajibu, ya chumbani yaishie chumbani. Kwa bibi harusi aliyelelewa kwenye amani, huo unaweza kuwa ushauri wa subira tu. Kwa aliyeanza kujaza maji mdomoni akiwa na miaka sita, unampigilia msumari.

Dada yake, aliyelala naye kitanda kimoja nyuma ya pazia lilelile, anaweza kuwa kinyume kabisa. Huyu ni mkali kama pilipili. Mwanaume akiinua sauti kidogo, yeye ameshafungasha. Hamwamini mtu, hajui kuomba msaada, na watu husema wawili hawa hawafanani kabisa. Wanafanana sana. Filimbi wanayoisikia ni moja. Mmoja huganda, mwingine hutangulia kupiga.

Akiwa mama, njia zinagawanyika tena. Kuna anayepiga watoto kwa sababu mkono ndio lugha aliyoikuta nyumbani. Ikumbukwe kuwa nyumba ambamo mama anapigwa mara nyingi watoto nao wanapigwa. Katika utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema walipigwa, kupigwa teke au kutishiwa kwa silaha kabla ya miaka 18. Na kuna mama wa upande wa pili, ambaye hawezi hata kumwambia mtoto "hapana" kwa sababu sauti yake mwenyewe ikipanda inamtisha.

Je, ndiyo maana anaolewa na mpigaji?

Hapa uvumi ni mwingi, na umo uvumi wa kikatili: kwamba aliyeona mama akipigwa huwa "anapenda" kupigwa, asipopigwa anahisi hapendwi.

Ukweli una sehemu mbili. Tafiti za afya na idadi ya watu zinazofanywa katika nchi nyingi zina swali kwa mwanamke: kwa unavyojua, baba yako aliwahi kumpiga mama yako? Katika nchi moja baada ya nyingine, wanaojibu ndiyo huripoti zaidi kupigwa na wenza wao. Uchambuzi wa ule utafiti wa Shirika la Afya Duniani nao ulikuta jambo hilohilo, ukaongeza lisilotajwa sana barazani: hatari ilipanda pia pale ambapo ni mwanaume ndiye aliyekulia kwenye nyumba ya namna hiyo. Kwa hiyo wanaomchunguza mke alikolelewa, wakaacha kumchunguza mume alikolelewa, wanapima mguu mmoja wa mtu mwenye miguu miwili. Na anayewajibika kwa kofi ni mwenye mkono.

Kwa nini hatari inapanda? Si kwa kupenda. Fikiria mtu aliyezaliwa jirani na kiwanda cha ngozi. Harufu haisikii. Wewe mgeni unashika pua, yeye anakukaribisha chakula. Mwanamke aliyekulia nyumba ya amani, mchumba akimnyang'anya simu na kuanza kuipekua, hushtuka. Aliyekulia kwenye vitisho anaweza kuona huyu mbona ni mpole, hata hajapiga. Dalili za mapema, ambazo ndizo nafasi ya kutoka bila gharama kubwa, kwake hazina harufu. Wala si wazo la mtu mmoja. Katika utafiti wa Tanzania wa 2015-16, asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba kuna angalau sababu moja inayohalalisha mume kumpiga mkewe, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Kifungu hicho kina zaidi ya nusu karne. Sijawahi kukisikia kikitajwa kwenye kitchen party.

Sababu nyingine ni ya kawaida mno hata tunaisahau: kukimbia. Msichana anayetaka kutoka nyumba ya vurugu, asiye na fedha wala chumba, ana mlango mmoja ambao jamii humfungulia kwa vigelegele, nao ni ndoa. Sheria ileile ya 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, vifungu ambavyo Rebeca Gyumi alivipinga Mahakama Kuu na kushinda 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na ushindi huo 2019. Anayeolewa kwa kukimbia hachagui mume, anachagua mlango. Akishaingia, na akakuta humo nako hakukaliki, pa kurudi ni palepale alipopakimbia.

"Laana ya ukoo" na "mbona tuko wazima"

Mambo yanapojirudia kwa bibi, mama na binti, wapo wanaosema ni laana ya ukoo, ipelekwe kwenye maombi ikavunjwe. Sina ugomvi na maombi. Yamewashika wengi mkono. Tatizo la neno laana ni kwamba linamwondoa mpigaji kwenye picha. Kinachorithishwa si pepo. Ni mafunzo: nani anaruhusiwa kukasirika, nani anapaswa kunyamaza, nani anapikiwa kwanza asije akavunja sahani. Mafunzo hufundishwa, na hufundishika upya.

Wala si kweli kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Cathy Widom, mtafiti wa Marekani, aliwafuatilia watoto 908 ambao mahakama ilithibitisha walitendewa ukatili au kutelekezwa, akawalinganisha na wenzao wa mitaa ileile. Katika matokeo ya mwaka 1989, asilimia 26 walikuwa wamewahi kukamatwa na polisi wakiwa bado vijana wadogo, dhidi ya asilimia 17 ya wenzao. Hatari ilipanda, ndiyo. Lakini karibu watatu kati ya wanne hawakukamatwa. Hao walitendewa ukatili wenyewe, zaidi ya kushuhudia tu, na bado wengi hawakuwa nyoka.

Kwa hiyo "mbona tuko wazima" ni neno la kweli kwa wengi, ila linaficha swali zuri: ni nini kiliwafanya wazima? Kisiwani Kauai, Hawaii, watafiti Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi wakawa watu wa makamo. Kati ya waliokulia kwenye hatari nyingi, theluthi moja walikua vizuri kabisa, na wengi wa waliobaki, waliosumbuka ujanani, walijirekebisha baadaye. Jambo lililojitokeza sana kwa waliofaulu ni kuwa na mtu mzima mmoja, si lazima mzazi, aliyewakubali bila masharti: bibi, mjomba, mwalimu, mama wa jirani.

Mtu mmoja. Muulize anayesema "mbona niko mzima" kama alikuwa na bibi wa kumkimbilia likizo. Mara nyingi atanyamaza kidogo, kisha ataanza kukuhadithia habari za bibi huyo.

Uvumi mgumu zaidi nimeuacha mwisho, ule wa kuvumilia kwa ajili ya watoto. Mama anaamini nyumba yenye baba, hata baba mpigaji, ni bora kuliko isiyo naye. Kwa yote niliyoeleza, watoto hawalindwi na uvumilivu ule. Lakini sitaandika "ondoka leo," kama wanavyoandika watu wasiomlipia mtu nauli. Kipindi cha kuondoka, na wiki zinazofuata, mara nyingi ndicho cha hatari zaidi kwa maisha ya mwanamke. Kuondoka kunahitaji mpango na watu. Vipo vituo vya Mkono kwa Mkono kwenye baadhi ya hospitali, ambako polisi, daktari na afisa ustawi wa jamii wanakaa mahali pamoja. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ambalo ubora wake, tuseme ukweli, unategemea umemkuta nani zamu. Ipo namba 116 ya bure kwa mambo ya watoto, Tanzania na Kenya pia, na Kenya wana 1195 kwa ukatili wa kijinsia.

Kwa aliyeshatoka utotoni, askari wa geti anaweza kufunzwa upya, japo si kwa kumwambia "sahau." Hufunzwa kwa kukaa muda mrefu kwenye geti lisilovamiwa, na kwa mwenye nyumba kumzoeza: hiyo ni sauti ya funguo tu, huyu si baba. Tiba ya mazungumzo na mtaalamu hufanya kazi hiyo. Wataalamu ni wachache na wengi wako mijini, lakini kuna njia zilizopimwa zisizohitaji ofisi yenye kiyoyozi. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafunza mabibi kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kusikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha waliokaa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu ya sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kampala, mpango uliopewa jina la Kiswahili, SASA!, ulifanya mazungumzo ya mitaani kuhusu nani ana nguvu juu ya nani, wanaume wakiwemo. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha ukatili wa kimwili wa wenza ukiwa chini kwa karibu nusu katika mitaa iliyofikiwa, na watoto walioshuhudia nao walipungua.

Turudi kwenye korido ile, asubuhi ile. Chai imemiminwa. Mama amevuta mtandio. Baba ameshatoka, au amekaa anasikiliza redio kama kawaida. Mtoto anatafuna mkate na hakuna anayesema lolote. Ukimya huo ndio unaomfundisha kwamba alichokisikia usiku hakina jina, na kwamba huenda chanzo ni yeye, kwa sababu watoto wadogo hudhani kila kitu kinaanzia kwao. Mama hawezi kuufuta usiku uliopita. Anaweza, baba akishafika mbali, kumkalisha na kumwambia kwa maneno ya umri wake: "Jana usiku ulisikia. Najua ulisikia. Si kosa lako, na si vizuri mtu kumpiga mtu. Siku nyingine ikitokea usije kuamulia, mchukue mdogo wako uende kwa mama Asha, nimeshamwambia atakufungulia."

Halafu aende kweli akamwambie mama Asha.